Sentimita Kumi za Wifi

Kijiba cha roho hakibishi hodi. Kilimwingia Rula Jumatatu saa nne asubuhi, akiwa ndani ya shimo lake anashona pembe ya tanga la mtu, na kilichokifungulia mlango ni sentensi moja tu ya Kapteni, mwenye karakana.

"Mashua ya daktari wa meno ataipima wifi yako."

Akasema hivyo, akapiga chafya, akaenda zake. Kuna watu wakikuchoma kisu hata hawajui kama wameshika kisu, na Kapteni alikuwa mmoja wao.

Hilo shimo lielezwe kwanza, maana asiyewahi kuingia karakana ya matanga atadhani huyu mwanamke alikuwa kaburini. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, pana kuliko ukumbi wa harusi, haina nguzo hata moja. Tanga kabla ya kukatwa hutandazwa lote chini, likachorwa kwa kalamu, na hakuna meza duniani ya kulibeba. Kwa hiyo hata cherehani zilizamishwa. Kila cherehani ilikuwa na shimo lake, na meza yake ilikuja sawasawa na mbao za sakafu ili kitambaa kiteleze bila kukwama. Mshonaji anakaa humo shimoni, anaonekana kuanzia kifuani. Mkataji anatembea juu sakafuni, amevaa soksi, kashika mkasi. Aliye juu anaona karakana nzima. Aliye shimoni anaona soksi.

Rula alikuwa ameziona soksi za Kapteni kwa miaka kumi na tisa. Alijua ipi imetoboka na itatoboka wapi tena. Wakamwita Rula kwa sababu alikuwa akitupa jicho tu kwenye mshono wa mita sita, anakwambia umepinda wapi na umepinda kiasi gani, na ukipima unakuta ni kweli. Mwaka huu magoti ya Kapteni yaligoma. Mtu hawezi kutambaa juu ya mbao miaka thelathini magoti yakamshukuru. Akatangaza kwamba kabla ya mwaka kuisha atamkabidhi mtu sakafu, yaani mkasi, kalamu, vipimo na kauli ya mwisho. Rula hakuuliza ni nani. Alikwenda dukani akanunua soksi nzuri za kijivu, jozi tatu, akazificha kwenye droo ya cherehani.

Na sasa mashua kubwa kuliko zote za mwaka ule, mtihani ambao kila mtu anauona ni mtihani, amepewa wifi.

Wifi huyu ni mke wa kaka yake mdogo. Nani alimleta karakana? Rula. Nani alimshika mkono akamwonyesha jinsi ya kukunja kitambaa kigumu bila kukivunja? Rula. Alikuja miaka sita iliyopita, hajui kutofautisha ukingo wa mbele wa tanga na ukingo wa nyuma, anacheka kila kitu. Rula alimfundisha mpaka mate yakamkauka. Alimfundisha hata kuchoma kumi. Fadhila za punda ni mateke, alijisemea, na mguu wake ukakanyaga pedali kwa nguvu hata sindano ikakatika.

Kuchoma kumi si jambo la moto. Futi ya chuma ya mita thelathini ina pete mwanzoni, na pete hiyo kwa kuvutwa kila siku hulegea, ikapanuka, ikaanza kudanganya. Kwa hiyo mafundi wa matanga hawaanzii sifuri. Wanaanzia kwenye alama ya sentimita kumi, ambayo haidanganyi, kisha mwishoni wanatoa zile kumi. Kwenye karakana ile, namba inayosomwa kwenye futi iliitwa namba mbichi. Ukishatoa kumi, unaikata mbichi kwa mstari, unaandika pembeni namba iliyoiva, unaizungushia duara. Hakuna kitambaa kinachokatwa kwa namba mbichi. Hilo Kapteni angelisema hata usingizini.

"Wifi, si twende wote gatini?" wifi alimwambia Jumanne, akiwa amesimama juu ya shimo na begi begani. "Mlingoti wenyewe ule mrefu, mi naogopa. Nani atanishikia futi huku chini?"

"Si umepewa wewe?" Rula hakuinua kichwa. "Nenda tu. Mimi mambo ya shimoni yananitosha."

"Jamani wifi. Umenuna?"

"Ninune nina nini? Nenda, utachelewa upepo ukichachamaa."

Wifi akacheka, akafikiri ni utani wa mawifi, akaenda. Soksi zake zilikuwa nyeupe. Rula alizitazama zikivuka sakafu yote mpaka mlangoni, akaona hazina hata doa.

Mashua ya daktari wa meno ilikuwa na mita kumi na mbili na tabia mbili. Daktari alistaafu juzijuzi na mkewe, wakataka mashua ya kulala ndani, ya kupikia chai, ya kutembelea visiwa bila haraka. Wakati huohuo daktari alitaka akimwona rafiki yake yeyote mbele, ampite. Kwa hiyo alitafuta mashua ya safari yenye roho ya mashindano. Mlingoti mrefu, mwembamba, umeshikiliwa na nyaya pande zote na jozi mbili za mikono ya kuzitanua. Tanga kuu kubwa lenye ukingo wa nyuma uliotuna, lenye fito za kulinyoosha toka ukingo mpaka ukingo. Tanga la mbele dogo, lisilopita mlingoti, ili watu wawili wenye mvi waweze kulizungusha bila kugombana. Mashua ya namna hiyo haitaki kubahatisha. Ya kawaida ukikosea kidogo, inakusamehe, inakwenda. Hii ina uzi wa kila kitu umevutwa mpaka mwisho, na nafasi ya juu ya mlingoti imehesabiwa.

Rula alizijua hizo habari zote kwa sababu Kapteni alizitangaza kwa sauti siku nzima, kama ameoa. Na Jumapili iliyotangulia, kabla hata ya kutangaza karakana, kumbe alishamdokezea kaka yake Rula barabarani. Ndiyo maana mama yao mezani aliinua kichwa kutoka kwenye sahani, akasema, "Mke wa mwanangu kapewa mashua kubwa, nasikia! Mungu akupe nini tena!" Rula wakati ule hakuelewa ni mashua gani. Sasa, Jumanne, alielewa. Miaka kumi na tisa mama yake hajawahi kumuuliza ameshona nini.

Jumatano asubuhi alifika wa kwanza, kama kawaida yake. Akashuka shimoni, akawasha taa. Juu ya meza ya cherehani yake kulikuwa na daftari la vipimo, limefunguliwa, kalamu imelala katikati.

Ah, amekuja kujitangaza, alifikiri. Ameniachia nione. Nione mwandiko wake mzuri, nione mlingoti wa daktari una mita ngapi, nikae nimeze.

Akalisoma, maana macho hayana adabu. Namba zilikuwa nne. Urefu wa kutoka sitahani mpaka juu ya waya wa mbele, mbichi imekatwa, iliyoiva imezungushiwa duara. Upana wa kutoka mlingoti mpaka waya wa mbele, vivyo hivyo. Ukingo wa chini wa tanga kuu, pale linapolalia boriti, mbichi mita tano na sentimita thelathini imekatwa, pembeni tano na ishirini ndani ya duara. Safi.

Ukingo wa mbele wa tanga kuu, unaopanda na mlingoti, kipimo kikubwa kuliko vyote: mita kumi na tano na sentimita mbili. Hakuna namba iliyokatwa. Hakuna namba ya pembeni. Duara limezungushiwa hiyohiyo.

Rula hakuhitaji hata kukaa. Kumi hazikutolewa. Mtu alimsemesha wifi pale gatini, labda daktari na maneno yake mengi, akazungusha duara akidhani ameshamaliza. Namba ya kweli ni kumi na nne na tisini na mbili. Kapteni huacha sentimita tano za nafasi kule juu kwa sababu kitambaa kipya hunyooka kikivutwa. Ondoa hizo tano, bado tanga litazidi mlingoti kwa tano nyingine, na hakuna fundi wa kurefusha mlingoti.

Penseli yake nyekundu ilikuwa sikioni. Kila daftari la wifi kwa miaka sita lilipita chini ya penseli hiyo, aombwe asiombwe. Mkono ulipanda mpaka sikioni, ukaigusa.

Kisha akasikia kicheko mlangoni. Kapteni na wifi walikuwa wanaingia pamoja, na Kapteni alikuwa anasema, "Mkataji wangu huyo! Mkataji wangu!"

Mkono ukashuka mtupu. Rula akafunga daftari, akalisogeza ukingoni mwa shimo.

Wifi akaja, akainama, akalichukua. Akafungua ukurasa, akaupitisha jicho juu mpaka chini, uso ukamfunguka.

"Asante, wifi," alisema.

Asante ya nini? Rula alijiuliza kutwa nzima. Akaamua ni kejeli, na kwa kuwa ni kejeli, akajiona ana haki.

Zikafuata siku kumi. Kitambaa kizito cheupe kikatandazwa, kikatanda sakafu nzima, na wifi akatambaa juu yake na kalamu na fito ndefu ya kuchorea. Kapteni alisimama pembeni na magoti yake mabovu, akiongoza kwa kidole. Yeye hakufungua daftari. Akiwa na miwani miwili ya kupokezana, namba alizisomewa. Wifi akasoma kumi na tano na mbili kwa sauti, Kapteni akatoa tano zake za nafasi, mkasi ukalia. Ndani ya shimo, Rula aliusikia ule mkasi mpaka kwenye meno.

Halafu vipande vikaja kwake avishone, kwa sababu ni nani mwingine angeshona tanga la mashua ile? Alilishona vizuri kuliko tanga lolote la maisha yake. Mishono yote ilinyooka, pembe alizipa kitambaa mara tano, mifuko ya fito aliikaza kwa mkono. Hakutaka siku ya siku mtu aseme, labda ni ushonaji. Aliweka mistari mitatu ya uzi pale ambapo wengine huweka miwili, huku akijua kwamba kitu chote kile kina sentimita tano ambazo hazina pa kukaa.

Tuseme ukweli, siku ya nne nusura aseme. Wifi alimletea chai shimoni, akakaa ukingoni miguu ikining'inia, akamwambia, "Usiku silali, wifi. Nikifunga macho naona tu mlingoti. Ikiharibika hii mi nitahama mji."

"Haiharibiki," alisema Rula. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, lile la kumi. Lakini Kapteni akapita, akambonyeza wifi bega, akasema kwamba wiki ijayo wataongea habari za sakafu. Rula akameza neno pamoja na chai. Chai ilikuwa ya moto, ikamuunguza koo, na hata hilo akamhesabia wifi.

Jumamosi wakaenda gatini. Rula alijipeleka mwenyewe, akasema anataka kuona pembe zake zinavyokaa. Daktari wa meno alikuwa tayari sitahani, amevaa kofia mpya. Mkewe alishika chupa ya chai na vikombe. Kapteni alibaki juu ya gati, mbali na ukingo, kwa sababu huyu Kapteni, pamoja na jina lake lote, hutapika hata mashua ikiwa imefungwa. Wifi akaingiza tanga kwenye reli ya mlingoti, daktari akavuta henza, ile kamba ya kulipandishia.

Likapanda zuri, jeupe, linapiga makofi. Watu wa mashua za jirani wakageuka. Likapanda likafika juu kabisa, henza ikagota, daktari akavuta tena, haikwenda. Na ukingo wa mbele, badala ya kunyooka kama uzi wa gitaa, ukabaki umelegea. Mikunjo ikajipanga kutoka chini mpaka juu, kila mkunjo na mwenzake.

"Vuta zaidi," alisema Kapteni kutoka mbali.

"Imefika mwisho."

"Shusha boriti kidogo."

"Boriti haishuki, mzee. Imefungwa kwa bolti."

Daktari akainua kichwa, akalitazama tanga lake kwa muda. Alikuwa mtu wa adabu. "Mimi nimetengeneza meno ya bandia miaka arobaini," akasema. "Na hata yale ya kwanza kabisa yalikaa vizuri kuliko hili."

Mkewe akacheka, kisha akaona uso wa wifi, akaacha. Wifi alikuwa ameshatoa futi begini. Hakuhitaji kupima mara mbili. Rula akiwa gatini alimwona midomo yake ikihesabu, ikafika pahala, ikasimama. Akakaa kwenye paa la chumba cha mashua, futi mapajani.

Utamu ulikuwepo, tusidanganyane. Rula alisubiri siku kumi na moja apate utamu ule na akaupata wote, ukamshuka mwilini hadi kwenye vidole vya miguu. Akajikuta anatamani mama yake angekuwepo.

Walirudi karakana bila maneno, tanga limekunjwa kwenye gari. Wakalibwaga sakafuni. Kapteni akavua viatu, wote wakavua viatu, kwa sababu hata penye msiba pale ndani haikanyagwi sakafu kwa viatu.

"Nieleze," Kapteni alimwambia wifi.

"Kosa ni langu." Sauti ya wifi ilikuwa ndogo lakini hailii. "Nilichoma kumi, sikuzitoa. Kwenye zile nyingine nilizitoa, hii nikasahau. Daktari alikuwa ananihadithia habari za mtu aliyemeza jino, nikacheka, nikazungusha duara. Sina cha kujitetea."

"Namba mbichi," alisema Kapteni taratibu. "Kwenye karakana yangu."

Rula alikuwa amesimama karibu na shimo lake, mikono nyuma, uso wa huruma. Alikuwa ameuandaa uso huo tangu juzi.

"Lakini Kapteni," wifi akaendelea, "nisikilize kidogo. Sikuliamini jicho langu peke yake, haki ya Mungu. Niliogopa. Ile jioni ya kupima nilimwachia wifi daftari kwenye cherehani yake, wazi kabisa, na kalamu juu. Miaka yote yeye ndiye ananisahihisha, hata nisipomwomba. Asubuhi nikalikuta limefungwa, hakuna wekundu hata chembe. Nikajua niko sawa. Nikamshukuru. Wifi, si nilikushukuru?"

 Kitu baridi kilikuwa kinampanda Rula kutoka kwenye soksi.

"Sasa mimi nasema hivi," alisema wifi, na sasa machozi yalikuwa yamekaribia. "Si kwamba namtupia lawama. La. Nasema, kama hata yeye na macho yale lilimpita, basi lilikuwa kosa la kumpita yeyote. Usinione mzembe, na yeye pia usimwone mzembe. Amechoka tu. Anashona kutwa nzima mle shimoni, taa yenyewe ile, umri nao unakwenda. Mtu anaweza kutazama asione. Msamehe, Kapteni. Nikatwe mimi."

Kapteni akageuka polepole. Alivaa miwani ya kwanza, akavua, akavaa ya pili, akamtazama Rula kama anayemtazama mtu aliyerudi kutoka hospitali.

"Rula," alisema kwa upole. Ule upole ndio uliomuua. "Kumbe hata wewe?"

Hakusema kwa hasira. Kama angekuwa na hasira, Rula angejua la kufanya.

"Si neno," Kapteni akaendelea. "Mimi mwenyewe yalinianza hivyohivyo. Unatazama tarakimu, zinakutazama, hakuna anayemwona mwenzake. Ulipaswa kuniambia mapema, mwanangu. Tutakutafutia kazi nyepesi. Ile mifuko ya kuhifadhia matanga haitaki vipimo vikali, mifuko ni mifuko. Na nitamwambia yule wa miwani..."

Mifuko! Rula alimwona wifi akiitikia kwa kichwa, kwa huruma ya kweli, yenye unyevu machoni, na hakuna kitu duniani kilichowahi kumuuma kama huruma ile. Alikuwa na njia moja ya kutoka. Aitikie tu. Aseme ndiyo, macho yamechoka, ameshindwa. Kaka yake angebaki kaka, Jumapili ingebaki Jumapili, wifi angebaki na chai yake ukingoni mwa shimo, na hakuna mtu ambaye angejua kitu mpaka siku ya kufa. Kilichotakiwa ni kukubali kwamba Rula alitazama kumi na tano na mbili ndani ya duara asione.

"Niliona," alisema.

"Unasemaje?"

"Niliona!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikagonga ukuta wa mwisho wa karakana. "Nani amechoka macho? Mimi? Niliona kabla sijakaa! Kumi na tano na mbili, hakuna iliyokatwa, hakuna ya pembeni, duara kwenye mbichi! Kweli ni kumi na nne na tisini na mbili, nilitoa kichwani nikiwa nimesimama! Mtoto mdogo angeona! Mnaniambia mimi mifuko?"

Alipomaliza alikuwa anahema. Kwa pumzi mbili hivi alijisikia mtu mzima tena, Rula yuleyule. Kisha akaona wanavyomtazama.

Wifi alikuwa amefungua mdomo kidogo. "Uliona lini?"

"Asubuhi ileile."

"Ukafunga daftari."

"Nikafunga."

"Mi nikakuletea chai." Wifi alisema kama anayejaribu kupanga mambo kwa zamu yake. "Nikakwambia silali. Ukaniambia haiharibiki."

 Rula alikuwa nalo la fadhila na mateke, la miaka kumi na tisa, la mama mezani, la soksi za kijivu ndani ya droo. Alipoyajaribu kichwani, kila moja lilikuwa la kweli na hakuna hata moja lililofaa kutolewa mbele ya mtu.

Kapteni akavua miwani, safari hii hakuvaa mingine.

"Basi macho yako mazima," alisema. "Nimefurahi. Nilikuwa nimeanza kukulilia." Akainama kwa taabu, akaushika ukingo wa tanga lile jeupe, akapitisha kidole gumba juu ya mistari mitatu ya uzi.  Pengine alikuwa anaona jinsi ulivyo mzuri, na lini ulishonwa, na nani, na akijua nini. "Sakafu anachukua huyu," akasema, akimwonyesha wifi kwa kidevu. "Kosa lake nimeliona, lina sentimita kumi, kesho kutwa litakuwa limeshatolewa. Lako wewe, Rula, nilitoe kwa mkasi gani?"

Hakungoja jibu. Akaenda kumpigia simu daktari, magoti yakilia, akawaacha.

Kazi haina msiba. Lilikuwa tanga la watu na lilitakiwa. Ilibidi lifumuliwe pembe ya chini, lipunguzwe, lichorwe upya kuanzia boriti, na tanga kuu la mashua ya mita kumi na mbili halitandazwi na mtu mmoja. Wifi alizunguka upande wa juu, akaushika. Rula akazunguka upande wa chini, akaushika wake. Wakalivuta katikati yao likanyooka, kitambaa kikalia, na mikunjo ikatoka. Kati yao zilikuwa mita kumi na tano kasoro kidogo.

Rula alisubiri atukanwe. Angejibu. Angelia pengine, na katika kulia wangeweza kufika mahali. Mawifi hutukanana, hupatana, hutukanana tena, ndiyo kazi yao. Akamwona mwenzake amepiga magoti kule mbali, anaweka futi, kidole kwenye alama ya kumi, hamtazami.

"Wifi," Rula aliita.

Yule akasoma namba yake, akaiandika, akaikata, akaandika nyingine pembeni.

"Wifi, nisikilize basi."

"Vuta upande wako kidogo, fundi," alisema mke wa kaka yake, kwa heshima zote. "Umelegea."

Tangu siku ya posa hajawahi kumwita Rula jina lingine ila wifi. Rula akavuta.